Glikoliki, laktiki, mandeliki au salisiliki: ipi ya kubambua ngozi ukiwa nyumbani?

Kati ya chupa hizi mbili ipi ni kali zaidi: asidi ya glikoliki 30% yenye pH 4.5 (pH ni kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu huzidi), au glikoliki 10% yenye pH 3.5? Ukitazama asilimia peke yake utaiogopa ya kwanza. Ukweli ni kinyume. Asidi hupenya ngozi ikiwa huru, yaani kabla haijageuka chumvi, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi inavyogeuka chumvi na kubaki juu ya ngozi bila kazi ya maana. Kwa glikoliki, nusu huwa huru pH ikiwa 3.83. Kwenye pH 4.5 iliyo huru ni takribani 18 kwa kila 100, kwa hiyo ile chupa ya 30% ina asidi huru ya 5.3% tu. Kwenye pH 3.5 iliyo huru ni 68 kwa kila 100, na chupa "ndogo" ya 10% inakupa 6.8%.

Sasa weka chupa ya tatu kando yao: 30%, pH haikuandikwa. Kama mtengenezaji hakuipandisha, pH hiyo inaweza kuwa chini ya 2, na hapo karibu asidi yote iko huru. Chupa za namna hii ndizo zinazounguza watu nyumbani. Kwa hiyo kabla hujauliza asidi ipi, shika hili: pasipoandikwa asilimia na pH, usinunue.

Asidi inafanya nini hasa

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, zilizoshikana kwa viunganishi vya protini. Asidi hulegeza viunganishi hivyo, seli zikadondoka mapema kuliko kawaida na mpya zikapanda kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo kwa kijana huchukua takribani wiki nne, na huzidi kuwa mrefu umri unaposogea. Ndiyo maana matokeo ya kweli hupimwa kwa miezi, hata kama ngozi inateleza vizuri asubuhi ya kwanza.

Melanini, yaani rangi ya ngozi, iliyo karibu na juu huondoka pamoja na seli hizo. Iliyozama chini haifikiwi na asidi yoyote unayopaswa kuwa nayo nyumbani. Doa la kahawia kwa kawaida liko juu. Lenye rangi ya kijivu au lililoingia ubuluu limezama. Vivyo hivyo, makovu yenye mashimo, vidutu na michirizi haviondoki kwa njia hii. Wala huku siko kujichubua ili uwe mweupe. Rangi yako ya asili inatengenezwa chini, asidi hizi haziibadilishi, na anayezitumia kwa nia hiyo huongeza nguvu na muda mpaka aungue, kisha ngozi hujibu kwa kuwa nyeusi zaidi pale palipoungua.

Zikiwekwa kando kwa kando

| Asidi | Uzito wa molekuli | Huyeyuka katika | Kikomo cha nyumbani | Inafaa zaidi | Udhaifu wake |
|---|---|---|---|---|---|
| Glikoliki | 76 | maji | 10%, pH isiwe chini ya 3.5 | ngozi iliyofifia, nene, isiyowashwa upesi | huingia haraka na bila usawa |
| Laktiki | 90 | maji | 10%, pH isiwe chini ya 3.5 | ngozi kavu | haisaidii sana vitundu vilivyoziba |
| Mandeliki | 152 | maji kiasi, na hupatana na mafuta kidogo | 10%, pH isiwe chini ya 3.5 | ngozi ya kahawia na nyeusi, chunusi pamoja na madoa | hukawia |
| Salisiliki | 138 | mafuta na alkoholi | 2% | ngozi ya mafuta, vichunusi vyeusi | hukausha. Haifai kwa mwenye mzio wa aspirini |
| Glukonolaktoni | 178 | maji | 10% | ngozi inayowashwa na kila kitu | matokeo hafifu |

Kikomo cha glikoliki na laktiki hakikubuniwa hapa. Jopo la Cosmetic Ingredient Review la Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, liliona asidi hizo ni salama kwa matumizi ya nyumbani zikiwa 10% au chini, pH ikiwa 3.5 au juu, na mtumiaji akijikinga na jua. Kwa watu waliofunzwa saluni liliruhusu hadi 30% na pH isiyopungua 3.0, kwa matumizi mafupi yanayofuatwa na kuoshwa. Salisiliki 2% ndicho kiwango cha juu cha dawa za chunusi zinazouzwa bila cheti cha daktari nchini humo. Kiwango cha chini ni 0.5%. Kwa mandeliki na glukonolaktoni tumeweka kikomo kilekile kwa tahadhari. Mnamo Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo dhidi ya kununua na kutumia nyumbani, bila usimamizi wa mtaalamu, bidhaa za kubambua ngozi zenye asidi kali. Ulinganisho huu wote unabaki chini ya mstari huo.

Glikoliki dhidi ya mandeliki

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, hasa kwa mwenye ngozi nyeusi.

Glikoliki ndiyo ndogo kuliko zote katika familia yake, na udogo huo ndio sifa yake na ndio kosa lake. Inaingia haraka, matokeo yanaonekana mapema, lakini haiingii kwa usawa. Pale ulipojikuna jana, ulipopitisha wembe, au palipokauka pembeni mwa pua, inanywewa kwa kasi kuliko kwingine. Mtu anaona uso mzima uko sawa isipokuwa kipande kidogo kinachochoma, anavumilia kidogo, na wiki mbili baadaye kipande hichohicho ndicho doa jipya jeusi.

Mandeliki ina uzito mara mbili ya glikoliki. Huingia polepole na kwa usawa zaidi. Tena ukichukua chupa mbili za 10% zenye pH 3.5, iliyo huru kwenye mandeliki ni takribani 45 kwa kila 100 dhidi ya 68 za glikoliki, kwa hiyo hata namba zikifanana kwenye lebo, mandeliki bado ni pole zaidi. Kwa kuwa inapatana kidogo na mafuta, inafika vizuri pia kwenye ngozi yenye chunusi.

Bei ya upole huo ni muda. Glikoliki hulainisha ngozi ndani ya wiki chache za mwanzo. Mandeliki ipe wiki 8 hadi 12 kabla hujaihukumu. Bado, kwa ngozi yoyote inayoacha alama nyeusi baada ya kila kipele, ni afadhali kusubiri. Seli za melanini za ngozi ya namna hiyo hujibu muwasho kwa kumwaga rangi, na doa linalotokana na kuungua linaweza kukaa miezi mingi kuliko lile ulilotaka kulifuta.

Kuna hesabu nyingine isiyotajwa na matangazo. Katika utafiti uliofadhiliwa na FDA, glikoliki 10% yenye pH 3.5 iliyopakwa kwa wiki nne iliongeza wepesi wa ngozi kuungua na jua kwa 18%, na hali hiyo ilirudi kawaida ndani ya wiki moja baada ya kuacha. Asiye tayari kupaka kinga ya jua kila asubuhi, mawingu yawepo yasiwepo, aiache glikoliki kabisa. Hata hizo nyingine azifikirie mara mbili.

Laktiki na glukonolaktoni

Laktiki ni ndogo karibu sawa na glikoliki, ila ngozi huipokea kwa utulivu zaidi. Chumvi zake ni sehemu ya vitu vya asili vinavyoshika maji ndani ya ngozi, ndiyo maana 5% hulainisha ngozi kavu huku ikibambua taratibu. Ukiwa na ngozi kavu yenye magamba madogo, anza hapa. Glukonolaktoni ni ya yule ambaye hata laktiki 5% humchoma. Usitarajie miujiza kwayo.

Salisiliki

Hii ni ya ukoo mwingine. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, na hiyo ndiyo sababu inaweza kushuka ndani ya kitundu kilichojaa mafuta na seli, mahali ambapo glikoliki huishia mlangoni. Vilevile hutuliza uvimbe, jambo linalofaa kwa chunusi zinazovimba na kuacha weusi. Kwa ngozi nyeusi yenye mafuta, salisiliki 2% ni chaguo zuri la mwanzo kuliko glikoliki ya nguvu yoyote.

Angalia pH yake pia. Nusu ya salisiliki huwa huru kwenye pH ya karibu 3, na kwenye 3.5 imebaki kama 23 kwa kila 100. Sabuni ya uso yenye salisiliki, pH 5.5, inayokaa usoni sekunde 20 kisha ikaoshwa, kwa kiasi kikubwa ni sabuni tu. Iliyo bora ni losheni ya kuacha usoni yenye pH kati ya 3 na 4.

Ikiwa dawa yako imeyeyushwa kwa alkoholi, alkoholi ikiruka unaweza kuona unga mweupe juu ya ngozi. Hiyo ni salisiliki yenyewe imeganda, inafutika kwa kidole chenye maji, na haina madhara. Weupe usiofutika ni jambo jingine kabisa, tutaufikia.

Salisiliki huingia kwenye damu ikipakwa eneo kubwa. Usipake uso, mgongo na kifua siku moja, wala usifunike kwa nailoni. Masikio kuvuma, kichefuchefu, kizunguzungu na kupumua haraka ni dalili za kuzidiwa: osha na utafute matibabu siku hiyohiyo. Mwenye mzio wa aspirini asiiguse. Mjamzito asitumie salisiliki kubambua ngozi; laktiki au glikoliki hafifu huwa na nafasi zaidi, lakini amuulize daktari wake kwanza.

Zisizofaa kabisa nyumbani

Asidi ya trikloroasetiki, inayojulikana kama TCA, huuzwa mtandaoni kwa chupa ndogo za 15%, 20% hata 50%. Tofauti yake na zote zilizotangulia si ya nguvu tu. TCA hugandisha protini za ngozi papo hapo, na kazi hiyo haizuiwi kwa maji wala kwa sodiamu bikaboneti baada ya kuanza. Kila mpako wa ziada huizamisha chini zaidi. Anayeifanya kitaalamu husoma kina kwa namna weupe unavyotokea, anaacha kabla ya kufika asipotaka, na anafanya hivyo akiuona uso wa mtu mwingine chini ya taa. Wewe kwenye kioo, macho yakitoa machozi, huwezi.

Mchanganyiko wa Jessner una salisiliki 14%, laktiki 14% na resosinoli 14% ndani ya alkoholi. Kila mpako huongeza kina, kwa hiyo nao ni wa kliniki. Fenoli, kemikali nyingine ya kubambua, huvuruga mapigo ya moyo. Hufanywa moyo ukiwa unafuatiliwa kwa mashine.

Mbadala wa jikoni nao uachwe. Maji ya limau yana pH ya karibu 2, nguvu yake hubadilika kwa kila tunda, na yana kemikali zinazounguza ngozi zikikutana na jua. Siki haina kipimo unachoweza kukitegemea. Aspirini iliyosagwa si salisiliki: ni asidi ya asetilisalisiliki, na vijiwe vyake vinakwaruza.

Kuacha usoni, kuosha, au kwenda kliniki

Asidi ileile inaweza kutumika kwa njia mbili nyumbani. Ya kwanza ni losheni hafifu inayoachwa usoni usiku, mara 2 au 3 kwa wiki. Ya pili ni kuipaka kwa dakika chache na kuiosha, mara moja kila wiki 2. Watu hupenda ya pili kwa sababu inafanana na tiba. Kwa anayeanza tunapendelea hii ya pili pia, ila kwa sababu nyingine: unaweza kuizima. Ukihisi inachoma vibaya dakika ya pili, unaosha. Losheni iliyoachwa usoni hujui imekosea mpaka asubuhi.

Ngozi ikishazoea, baada ya mizunguko mitatu au minne bila tatizo, losheni ya kuacha usiku hushinda kwa matokeo, kwa sababu kazi ndogo inayorudiwa hufuta doa bila kuiamsha melanini. Usifanye njia zote mbili kwa wakati mmoja.

Kliniki ni kwa melasma (mabaka mapana ya kahawia usoni), madoa yaliyozama, makovu, na yeyote aliyekwishatumia krimu za kujichubua zenye steroidi au zebaki. Steroidi hukondesha ngozi, na ngozi iliyokonda hupokea asidi ya 10% kana kwamba ni kali mara kadhaa. Huyo aache krimu hizo chini ya uangalizi wa daktari wa ngozi, kisha ndipo aulize habari ya asidi.

Nani asianze

Aliyemeza isotretinoini, dawa ya chunusi kali, ndani ya miezi 6 iliyopita asijipake nyumbani. Amuulize daktari aliyemwandikia. Mwenye vidonda vya malengelenge ya midomo vinavyorudirudi anaweza kuviamsha kwa asidi, na huhitaji dawa ya kuzuia kabla. Wengine wa kusubiri: mwenye ukurutu, ngozi iliyoungua jua, kidonda wazi, chunusi zilizotumbuliwa leo, au historia ya makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Dawa za kupaka kama tretinoini, retinoli na benzoili peroksaidi zisimame siku 5 hadi 7 kabla. Wembe na nta, wiki moja kabla.

Namna ya kupaka, hatua kwa hatua

Wiki mbili kabla, jenga ngozi: sabuni laini isiyo na harufu, krimu ya unyevu, kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayoamua zaidi kama utaibuka na madoa.

Jaribio. Paka tone moja chini ya taya karibu na sikio, liache muda uleule utakaoutumia usoni, osha. Saa 48 zinatosha kuonyesha mzio na muwasho. Weusi hauji upesi hivyo, kwa hiyo kwa ngozi ya kahawia na nyeusi subiri wiki nzima na utazame kama alama imejitokeza.

Usiku wenyewe:

1. Osha uso, ukaushe kwa kuugusagusa na taulo, kisha ngoja dakika 15. Ngozi yenye maji hunywa asidi zaidi.
2. Paka mafuta ya mgando kwenye pembe za macho, mikunjo ya pua, pembe za midomo na mkwaruzo wowote.
3. Mimina nusu kijiko cha chai, yaani kama mililita 2.5, kwenye kibakuli cha kioo. Usidondoshe moja kwa moja usoni. Tone hukimbilia jichoni.
4. Washa saa kabla ya mguso wa kwanza. Kwa vidole vyenye glavu anza paji la uso, kisha mashavu, kidevu, na pua mwisho. Pitisha mara moja tu. Palipopitiwa mara mbili hupata dozi mbili, na hapo ndipo vipande vinavyoungua huzaliwa.
5. Kwa asidi ya 10% mara ya kwanza ni dakika 2. Kila mzunguko ongeza dakika 1 kama uliopita haukuacha alama. Usivuke dakika 10 wala muda wa kwenye lebo, ule ulio mfupi.
6. Osha kwa maji mengi ya baridi kwa dakika 2, kwa mpangilio uleule uliopakia. Kuifuta kwa kitambaa hakutoshi.

Kuhusu sodiamu bikaboneti, ile ya kuumulia keki: kwa asidi ya 10% maji yanatosha. Ukiitaka kwa usalama zaidi, koroga kijiko kimoja cha chai ndani ya mililita 250 za maji mpaka iyeyuke yote, uitayarishe kabla ya kuanza. Usiipake ikiwa unga au uji. Inakwaruza, na ualkali wake, ulio kinyume cha uchachu, huwasha ngozi iliyokwisha kulegea.

Maelekezo mengi husema uache ngozi inapogeuka nyekundu. Kwa ngozi nyeusi maelekezo hayo hayana msaada. Wekundu hauonekani, au huonekana kama weusi uliokolea. Fuata saa na hisia. Kuwasha kidogo kunakotulia ni sawa. Kuchoma kunakozidi kila sekunde, hasa mahali pamoja, ni amri ya kuosha.

Baada ya kuosha paka krimu ya unyevu yenye gliserini, seramidi au panthenoli, na mafuta ya mgando kidogo palipo pakavu. Kwa siku 5 hadi 7 hakuna retinoli, asidi nyingine, vitamini C ya asidi wala skrabu. Ngozi ikibanduka siku ya 2 au ya 3, usiivute. Isipobanduka kabisa usidhani haikufanya kazi: kwa nguvu hizi mara nyingi seli hutoka ndogondogo bila kuonekana. Kinga ya jua ni kama nusu kijiko cha chai kwa uso peke yake, na kurudiwa kila saa 2 ukiwa nje. Kwa melasma chagua iliyotiwa rangi, yenye oksaidi za chuma, kwa kuwa mwanga wa kawaida unaoonekana nao huchochea madoa hayo na krimu nyingi zisizo na rangi haziuzuii.

Shingo si uso. Ina vinyweleo vichache, na ngozi hupona ikianzia kwenye vinyweleo. Ipe nusu ya muda, au iache kabisa kwa miezi ya mwanzo.

Yanapoharibika

Weupe au ukijivu usiofutika ukitumia glikoliki, laktiki au mandeliki maana yake tabaka la juu limeanza kuachana na la chini. Osha mara hiyo, endelea na maji ya baridi dakika 20, paka mafuta ya mgando, na usiweke kitu kingine. Dawa ya meno, asali, barafu moja kwa moja kwenye ngozi, vyote acha. Malengelenge, uvimbe wa macho, majimaji ya njano au maumivu yaliyovuka siku moja ni ya hospitali. Asidi ikiingia jichoni, mimina maji safi dakika 15 hadi 20 jicho likiwa wazi, kisha nenda ukaangaliwe.

Weusi ukitokea wiki ya pili, usijaribu kuufuta kwa asidi ileile iliyouleta. Simamisha kila kitu isipokuwa unyevu na kinga ya jua kwa angalau wiki 6.

Chupa pia huharibika. Maji yakiruka kwenye chupa isiyofungwa vizuri, kilichobaki ni kikali kuliko lebo. Salisiliki ikiacha vijiwe vyeupe shingoni mwa chupa, vipanguse kabla ya kumimina. Kile kijiwe kikianguka shavuni ni dozi nyingi mahali pamoja.

Uchague ipi

Ngozi ya mafuta, vitundu vilivyoziba, vichunusi vyeusi: salisiliki 2%, usiku 2 kwa wiki ngozi ikishazoea. Chunusi zinazoacha madoa kwenye ngozi ya kahawia au nyeusi: mandeliki 5% kupanda hadi 10%, na kama mafuta ni mengi, salisiliki kwenye usiku mwingine baada ya miezi 2. Ngozi kavu iliyofifia: laktiki 5%. Ngozi nene isiyowashwa upesi, ambayo mandeliki imeifikisha nusu ya njia baada ya wiki 12: glikoliki 5% kwanza, kisha 10%. Mwenye ngozi nyeupe inayoungua upesi na jua naye asikimbilie glikoliki. Laktiki inamtosha kuanzia.

Doa likiwa halijabadilika hata kidogo baada ya wiki 12 za matumizi yaliyopangika na kinga ya jua ya kila siku, huenda limezama, ni melasma, au si doa la chunusi kabisa. Usipandishe asilimia. Mwonyeshe daktari wa ngozi, na kama ni alama inayokua, yenye kingo zisizo sawa, inayobadilika rangi au kutoa damu, usisubiri wiki hizo 12.